FUNDISHO JUU YA JANI: Kazi ya Pili ya Hewa ya Makala

Ndugu wakulima, wanaume kwa wanawake, ninyi mnaolima mihogo, maharagi na mahindi katika vijiji vya kandokando ya migodi, someni fundisho hili polepole. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake jioni, kazi zikiisha.

Habari yetu ni jani. Sisi sote tunapima mizizi ya muhogo kwa mikono, tunahesabu magunia ya mahindi, lakini jani hatuliulizi neno. Kumbe kila kilicho ndani ya gunia kimetoka kwanza katika jani. Huku kwetu vijana wanakwenda mgodini, na shamba linabaki kwa mama na kwa mke. Mtu wa mgodini anakula bukari kila siku, naye halimi. Mama mmoja analisha watu wengi. Basi jani la shamba lake likifanya kazi nusu ya siku tu, njaa yake inaonekana mbali sana na shamba lile.

Siku moja mzee mmoja aliniita shambani kwake, saa saba ya mchana. Mvua ilikuwa imekatika karibu majuma mawili. Akanionyesha mihogo yake, majani yote yameinama. Akaniuliza: “Mwanangu, wewe ulitufundisha kwamba jua ni nguvu ya majani. Leo jua ni jingi kupita siku zote. Mbona mihogo yangu inalegea kama mgonjwa? Mtu aliyewekewa chakula kingi anakonda namna gani?”

Nikamjibu: “Baba, maji yamepungua.” Ni kweli, lakini nilijua kwamba si jibu lote, naye pia alijua, maana alinitazama tu akanyamaza. Fundisho hili ndilo jibu nililokuwa na deni nalo.

Hewa ya makala ni nini?

Wenye elimu huiita kaboni dayoksaidi. Sisi tuiite hewa ya makala, kwa sababu makala yakiwaka inatoka. Haionekani kwa macho wala haina harufu, lakini mnakutana nayo kila siku. Munkoyo ukichachuka, mapovu yanayopanda juu ni hewa hiyo. Pumzi inayotoka kinywani mwako imeichukua. Hata lile jiwe la kijani la shaba, liitwalo malakiti, limeifunga ndani yake. Wanaofanya kazi ya shaba wamekwisha kuona jiwe hilo likimwagiwa asidi: linatoa povu, na lile povu ni hewa ya makala inayofunguliwa. (Msijaribu ninyi wenyewe. Asidi ya mgodini inakula ngozi na macho.)

Katika hewa ya kawaida hewa ya makala ni kidogo sana. Ukigawanya hewa kuwa mafungu 10,000, hewa ya makala ni mafungu 4 na kidogo tu. Katika pumzi tunayotoa ni kama 400, yaani karibu mara mia.

Hewa hii ikiingia katika maji inabadilika. Inashikana na maji, na kutoka hapo inapatikana kitu kiitwacho bikaboneti. Msiogope neno hilo. Bikaboneti ni hewa ya makala iliyovaa nguo ya maji. Ninyi mnaokaa penye mawe ya chokaa mnaijua bila kujua jina lake. Maji ya visima vyenu yana bikaboneti nyingi. Mama akiyachemsha siku nyingi katika sufuria moja, ukoko mweupe unashika ndani. Moto umeifukuza hewa ya makala, na chokaa imebaki peke yake chini.

Kazi ya kwanza

Kazi ya kwanza ya hewa ya makala wengi wenu mmeisikia: ni chakula cha mmea. Upande wa chini wa jani kuna vilango vidogo sana, visivyoonekana kwa jicho tupu. Hewa inaingia humo. Kwa nguvu ya jua jani linaifanya kuwa sukari, na sukari inashuka kuwa unga wa muhogo au punje ya mahindi. Mzizi mkubwa wa muhogo, ukiondoa maji yake, sehemu yake kubwa haikutoka katika udongo. Imetoka hewani.

Anayekataa afanye jaribu hili. Nenda kwenye bwawa au mto uliotulia, ukate majani yanayoota chini ya maji. Yatie katika chupa nyeupe iliyojaa maji ya pale pale, upande uliokatwa uelekee juu, kisha weka chupa juani. Baada ya kitambo utaona mapovu madogo yakitoka penye mkato, moja moja, kama shanga. Hesabu mapovu ya dakika moja. Sasa chemsha maji mengine, yafunike, uache yapoe kabisa mpaka yawe baridi kama ya mto. Tia majani yale yale katika maji haya. Mapovu yanapungua sana, au yanakoma, kwa maana moto umetoa hewa ya makala. Halafu chukua kikonyo cha jani la papai, kile chenye tundu, upulize pumzi yako ndani ya maji kwa muda. Ngoja. Mapovu yanarudi.

Nimelifanya jaribu hili mbele ya watoto wa shule, na kelele waliyopiga mapovu yaliporudi ilimtoa mwalimu wa darasa la pili nje.

Mapovu hayo si hewa ya makala. Ni oksijeni, hewa ya uzima, ile tunayovuta sisi na mbuzi wetu. Hapa ndipo wenye elimu walipotatizika, na hapa ndipo fundisho letu linapoanza hasa.

Fumbo la Warburg

Oksijeni ile inatoka wapi? Watu walifikiri inatoka katika hewa ya makala: jani linabakiza makala yake, linatema oksijeni. Ni wazo zuri, lakini si kweli. Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, Robin Hill wa Cambridge, alionyesha jambo. Ndani ya jani kuna vyumba vidogo vya kijani viitwavyo kloroplasti. Hill alivitoa katika jani, akaviweka katika maji, akavipa chumvi ya chuma, akaviangazia mwanga. Vikatoa oksijeni, ingawa havikutengeneza sukari hata kidogo. Mwaka 1941 watu wa California wakatumia maji yenye oksijeni nzito, iliyo kama kondoo aliyetiwa alama. Alama ile ikaonekana katika oksijeni iliyotoka. Basi oksijeni inatoka katika maji. Jua linavunja maji ndani ya jani.

Sasa angalieni. Ikiwa oksijeni inatoka katika maji, na vyumba vya Hill havitengenezi sukari, basi havihitaji hewa ya makala. Mtu asiyepika hahitaji unga. Ndivyo kila mtu angesema.

Lakini mwaka 1958 huko Ujerumani, Otto Warburg na mwenzake Günter Krippahl walifanya kazi ya namna ile ya Hill, wakaondoa hewa ya makala kabisa. Oksijeni ikapungua sana. Wakairudisha hewa ya makala, na oksijeni ikarudi. Hapakuwa na sukari, hapakuwa na chakula cha kutengeneza, na hata hivyo kazi ilisimama kwa kukosa hewa hiyo.

Warburg alikuwa mtu mkubwa, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1931. Aliona vema kwa macho yake. Akasema: “Mnaona? Oksijeni inatoka katika hewa ya makala.” Katika jambo hilo alikosea, hakugeuka mpaka kufa kwake mwaka 1970. Mimi napenda kuwaambia watu habari hii. Mtu anaweza kuona sawasawa na kueleza vibaya, na sisi wa mashamba tunafanya hivyo mara nyingi: tunaona mahindi yamekauka, ni kweli yamekauka, kisha tunamtaja jirani.

Basi ikiwa hewa ya makala si chakula pale, wala si chimbuko la oksijeni, ilikuwa inafanya nini?

Wapagazi wawili na chuma

Fikirini mgodi wa zamani, ambapo mawe yanatoka shimoni kwa kupokezana mikono. Ndani ya jani mzigo si jiwe. Ni kitu kidogo kupita vyote, kiitwacho elektroni. Jua linapopiga rangi ya kijani, elektroni inarushwa kutoka pale, na nafasi yake inajazwa na elektroni iliyotolewa katika maji. Ndiyo sababu maji yanavunjika. Elektroni iliyorushwa inapokewa na mpagazi wa kwanza. Huyu amefungwa mahali pake, haondoki. Anachukua mzigo mmoja, anampa mpagazi wa pili.

Mpagazi wa pili si kama wa kwanza. Yeye anangoja mizigo miwili. Tena haruhusiwi kuondoka na elektroni mbili tupu: kwa kila elektroni lazima apate kipande kidogo kiitwacho protoni. Akiisha kupata elektroni mbili na protoni mbili, anaacha kiti chake, anatembea mpaka kwenye mashine inayofuata. Mpagazi mwingine mtupu anaketi mahali pake. Hivyo siku nzima, katika kila jani, mara nyingi kila sekunde.

Kati ya wapagazi hawa wawili kuna chembe moja ya chuma. Ndiyo, chuma kile kile cha jembe. Haichukui mzigo. Imeshikwa kama nguzo: mikono minne ya protini inaishika pande zote, na bado kuna upande mmoja ulio wazi. Upande huo unashikwa na bikaboneti, kwa vidole viwili.

Hiyo ndiyo kazi ya pili ya hewa ya makala. Inakaa penye makutano ya wapagazi, inaimarisha nguzo, na inasaidia protoni zimfikie mpagazi wa pili. Ikiondoka, mpagazi wa pili anachelewa kupata protoni zake. Akichelewa, hatoki. Asipotoka, wa kwanza hana wa kumpa mzigo. Msururu wote unarudi nyuma mpaka kwenye maji, na oksijeni inapungua. Warburg aliona mwisho wa msururu, hakuona mahali ulipozibwa.

Walitambuaje mahali penyewe? Jani likipigwa mwanga linarudisha mwanga mwekundu kidogo, na mwanga huo unaongezeka mizigo ikirundikana. Mwaka 1975, huko Illinois katika Marekani, Thomas Wydrzynski na Govindjee, aliyezaliwa India, walipima mwanga huo katika vyumba vya kijani vya spinachi, yaani mchicha wa Ulaya, vilivyoondolewa bikaboneti. Wakaona msongamano uko baada ya mpagazi wa kwanza. Tena iligunduliwa kwamba chumvi inayotokana na asidi ya chungu inaweza kuisukuma bikaboneti na kukaa mahali pake. Mnawajua chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe. Ule ukali unaowasha wanapokuuma ndio asidi hiyo. Chumvi yake inafanana na bikaboneti kwa umbo, lakini kazi yake haijui. Ni kama kibarua aliyevaa kofia ya kapita.

Mwaka 2004 watu wa London walipiga picha ya mashine hiyo kwa miali ya eksirei, wakaonyesha bikaboneti penye chuma. Mwaka 2011 watu wa Japani wakatoa picha safi zaidi, na bikaboneti ikaonekana wazi, imeshika chuma kwa vidole vyake viwili. Tangu mwaka 1958 mpaka 2011 ni miaka 53 ya kutafuta kitu kimoja kidogo ndani ya jani.

Saa saba ya mchana

Sasa turudi kwa mzee na mihogo yake.

Vilango vya jani vina kazi mbili zinazogombana. Vikiwa wazi, hewa ya makala inaingia, lakini maji ya mmea yanatoka kama mvuke. Muhogo ni mmea mwenye akili ya ubahili. Hewa ikikauka na udongo ukikauka, unafunga vilango upesi ili usife. Ndiyo maana muhogo unavumilia kiangazi ambapo mimea mingine inakufa. Lakini akifunga mlango asipoteze maji, anafunga pia njia ya chakula. Ndani ya jani hewa ya makala inapungua. Sukari haitengenezwi vizuri, kwa hiyo elektroni zinazofika mbele hazina wa kuzipokea. Wapagazi wanarudi na mizigo yao.

Na jua halijui kwamba mlango umefungwa. Linaendelea kupiga.

Hapo ndipo penye hatari. Nguvu ya jua isiyopata kazi inageuka. Inaifanya oksijeni iliyo karibu kuwa kali, kama mbwa aliyechokozwa, na oksijeni hiyo inauma mashine yenyewe. Kuna protini moja hasa inayoumia, iitwayo D1, na jani linaiondoa na kuweka mpya kila siku, kama fundi anayebadilisha mpini wa nyundo. Ikiwa maumivu ni mengi kuliko matengenezo, jani linafifia, linakuwa na kazi kidogo hata jioni jua likipungua. Hivyo ndivyo mtu anavyokonda mbele ya chakula kingi, baba. Chakula kipo mezani, lakini kinywa kimefungwa, na moto wa jikoni unaendelea kuwaka mpaka unaunguza nyumba.

Jani lakini halikuachwa bila ulinzi. Muhogo unainamisha majani. Maharagi yanasimamisha majani yao, ukingo ukielekea jua, ili yapate miale michache. Nendeni mkatazame saa saba, kisha mrudi saa kumi na moja, mtaona yamegeuka tena. Na ndani kabisa, inaonekana bikaboneti nayo ni mlinzi. Mwaka 2016 watafiti wa London walipima mashine hiyo katika vijidudu vya kijani vinavyoishi katika maji ya moto. Mashine yao inafanana sana na ya majani. Waliona kwamba mpagazi wa kwanza akikaa na mzigo muda mrefu, bikaboneti inalegea, na penye hewa ya makala kidogo inaondoka. Ikiondoka, mpagazi wa kwanza anashusha mzigo wake chini kidogo. Mzigo ulioshuka unarudi nyuma kwa njia ya upole, na oksijeni kali haizaliwi. Wao wanafikiri hiyo ni breki ya jani: hewa ya makala ikipungua, breki inakaza; ikirudi, bikaboneti inarudi penye chuma na kazi inakwenda tena.

Kwa hiyo kitu kile kile ambacho ni chakula ndicho kinachoamua mwendo wa kazi. Mimi nilipoelewa jambo hili nilikaa chini. Fikirini kapita ambaye ni yeye analeta unga wa wafanyakazi, na unga ukikosekana ni yeye anayepunguza mwendo wa wagoni ili watu wasiumie. Sijaona mgodi wenye kapita wa namna hiyo.

Msifanye kama mimi

Sasa mtu atasema: “Kama ni bikaboneti, soda ya kuumua mandazi ina bikaboneti, inauzwa dukani. Nitanunua, nitanyunyiza.”

Nilisema hivyo nilipokuwa bado mwanafunzi. Nilichukua soda, vijiko sikuhesabu, nikaikoroga katika ndoo, nikanyunyiza tuta moja la maharagi ya mama yangu, jua likiwa kali. Kesho yake majani yalikuwa na kingo za kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mama hakunipiga. Aliniambia nile sombe peke yake mpaka maharagi mengine yaive, na aliyashika maneno yake. Soda ni chumvi. Maji yenye chumvi nyingi yanaunguza jani. Bikaboneti inayohitajiwa penye chuma ni kidogo sana, na jani linaipata lenyewe kutoka hewani, mradi vilango vyake viwe wazi. Vilevile chokaa mnayotia katika udongo mchungu inasaidia mizizi, itieni mkifundishwa kipimo chake, lakini msidhani inapanda mpaka kwa wapagazi wale.

Basi kazi ya mkulima ni moja: kulisaidia jani lifungue vilango muda mrefu zaidi kila siku. Na ili vilango vikae wazi, lazima kuwe na maji katika udongo.

Funikeni udongo. Majani makavu, mabua ya mahindi, nyasi zilizokatwa kabla ya kuzaa mbegu, vyote ni blanketi la shamba. Najua watu wanachoma mabua ili shamba lionekane safi. Shamba safi la namna hiyo linakauka siku chache baada ya mvua, na vilango vinafungwa saa nne ya asubuhi badala ya saa saba. Hesabuni saa hizo tatu kwa siku zote za jua katika majira ya mvua. Hayo ni magunia. Paliliaeni mapema, kwa sababu kila gugu linakunywa maji ya jirani yake. Pandeni mvua za kwanza zikishika vizuri, mwezi wa kumi na moja, ili mizizi ishuke mbali kabla ya siku kavu za katikati. Mahindi yana njia nyingine ya kukusanya hewa ya makala, na hiyo ni habari ya fundisho lake. Lakini blanketi la udongo linayafaa nayo.

Mama zetu, neno juu ya sombe. Sombe ni chakula chema, hakuna anayewakataza. Lakini muhogo mmoja ukivuliwa majani yake yote, hakuna tena mahali pa wapagazi kufanya kazi, na mzizi unarudishia unga wake ili kuotesha majani mapya. Chumeni kidogo kidogo katika miti mingi, machanga ya juu, mkiacha majani makubwa yaliyo katika nguvu zake.

Tena kuna dawa za kuua majani. Atrazini ni moja, diuroni ni nyingine. Dawa hizi zinaua namna gani? Zinaketi katika kiti cha mpagazi wa pili. Mpagazi anafika, kiti kina mtu. Mizigo inarundikana, na jua lenyewe ndilo linaloliunguza gugu. Wale watu wa Illinois waliona kwamba vyumba vilivyokosa bikaboneti vinarudisha mwanga mwekundu unaofanana na wa vyumba vilivyotiwa diuroni. Mahindi yanaweza kuivunja atrazini katika mwili wake, kwa hiyo yanapona. Maharagi hayawezi. Yeye anayechanganya mahindi na maharagi katika shamba moja, kama wengi wetu, akinyunyiza atrazini atavuna mahindi peke yake. Nayo inabaki katika udongo, basi asipande maharagi hapo upesi. Muuzaji hatawaambia hayo kila mara, na maandishi ya kwenye chupa ni madogo.

Yule mzee nilirudi kwake majira yaliyofuata. Alikuwa amefunika nusu ya shamba kwa nyasi, nusu ameiacha wazi, kwa sababu, alisema, hataki kuniamini bure. Saa saba ya mchana tulisimama mpakani. Upande ulio wazi majani yalikuwa yameinama. Upande wa nyasi yalikuwa bado yamenyooka, na chini ya nyasi udongo ulishikamana mkononi. Akaniambia: “Wapagazi wa huku bado wako kazini.” Saa tisa yaliinama nayo.

Wenye chupa nyeupe walifanye lile jaribu la mapovu kabla sijapita tena. Andikeni hesabu tatu: maji ya mto, maji yaliyochemshwa, maji yaliyopulizwa pumzi. Nitaomba kuona karatasi.